Taa ya Birika

Gari la baba mdogo lilifika Kilwa Masoko likiwa bado na karatasi za Kijapani zimebandikwa kwenye kioo, na hakuna aliyethubutu kuzibandua. Lilikuwa gari dogo jeupe lenye buti refu. Lilitoka mikononi mwa Wajapani tusiowajua, likashushwa bandarini Dar es Salaam, likavuka Rufiji kwa kivuko kwa sababu daraja lilikuwa bado, halafu likaja likizama mchangani na kunasuliwa kwa siku mbili nzima. Mimi ndiye niliyeliendesha. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, cheti cha kidato cha nne na leseni mpya, na tayari nilikuwa na ule ugonjwa wangu wa kutotulia mahali. Gari lile niliona limeletwa kwa ajili yangu.

Tangu hapo nimeishi Mtwara, Tunduru, Tanga, na mji mmoja wa mpakani ambao sikuupenda hata siku moja lakini nikakaa miaka sita. Kila mahali nimeendesha gari la mtu. Siku hizi gari likiumwa linachomekwa waya chini ya usukani, kompyuta inaandika ugonjwa wake, na fundi anausoma kwa sauti kama matokeo ya maabara. Kila ninaposimama pembeni nikisubiri kuambiwa gari lina nini, moyo wangu unarudi Masoko, kwa fundi mmoja na kwa swali moja aliloniuliza.

Baba mdogo alikuwa karani wa ghala la korosho la ushirika tangu mimi sijaanza shule. Wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini na magunia yao, ghala likawa linajaa nusu, kisha robo, kisha popo. Makarani wakapewa barua. Neno lililokuja na barua zile lilikuwa ridandansi, yaani kupunguzwa kazi, na watu walilitamka kwa sauti ya chini kama jina la maradhi. Kiinua mgongo chake chote ndicho kilichogeuka gari. Alitaka libebe abiria kati ya Masoko, Nangurukuru, Tingi na Miteja. Mimi niendeshe, yeye akae mbele, kushoto kwangu, na daftari lake mapajani, kwa maana hakujua kuishi bila daftari.

Siku ile lilipofika, alasiri, uani kulijaa majirani. Baba mdogo akaniambia nizungushe ufunguo nusu, nisiwashe injini. Dashibodi nzima ikawaka, taa nyekundu na za njano, na watu wakasema "Aaa!" kama kwenye fataki.

Lazima nieleze kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiusomea mtaa. Barua za mahakama zililetwa kwake, fomu za hospitali, hata maelekezo ya sumu ya panya. Alisoma, akavua miwani, akaeleza. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa alipoinama mbele ya dashibodi, akavaa miwani, akaanza kuzisoma taa moja moja.

"Hii yenye jumlisha na kutoa ni betri. Hii mtu aliyejifunga mgolole, ni mkanda. Hii…" akasogea karibu, "hii ni mende."

"Mende, karani?" akauliza jirani.

"Gari lenyewe, bwana, milango wazi, umelitazama toka juu. Ndivyo anavyokuwa mende akitaka kuruka."

Watu wakacheka, naye akafurahi. Halafu akafika kwenye taa nyekundu yenye umbo la chombo chenye mpini na mdomo mrefu, na tone moja likidondoka mdomoni. Hakuhitaji hata kufikiri. Kwenye msumari, kando ya choo chake, lilining'inia birika la bati la kutawadhia, lenye mpini ule ule na mdomo ule ule. Aliinua kidole kulionyesha.

"Birika," alisema. "Ikiwaka hii, gari linadai maji."

Kila mtu alitazama birika la ukutani, akatazama dashibodi, akaridhika. Na mimi niliridhika.

Fundi naye alikuwa mgeni pale mjini. Alikuwa Mmakonde wa Newala, Mkristo, mnene wa mikono na mwembamba wa maneno, aliyejifunza kazi Dar es Salaam kwenye yadi za magari ya Kijapani. Gereji yake ilikuwa mkorosho mmoja mkubwa kando ya barabara ya kuingia Masoko, mnyororo wa kuinulia injini ukining'inia kwenye tawi, na nyuma yake chumba kimoja cha udongo. Alipomaliza kile chumba akaanza cha pili. Mke na watoto walikuwa bado kwao, juu uwandani, na alikuwa akisema, "Nikipaua hiki, nawaita." Alikuwa amekwisha kununua kitanda. Kilisimama kwenye chumba kisicho na paa, kimefunikwa turubai.

Vijana wa stendi walimwita mtani, na utani wao ulikuwa mmoja tu. "Mtani, hiyo ni injini, si mpingo! Usiichonge!" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Nikikuchonga wewe utapata sura." Ilikuwa hivyo kila asubuhi, na hakuna aliyekasirika.

Wiki ya kwanza gari letu liliwasha taa ya njano iliyoandikwa CHECK, ambayo baba mdogo aliisoma "cheki" na kuishia hapo. Tukalipeleka kwa fundi. Akafungua boneti, akatafuta kiboksi kidogo cheusi chenye vitundu, akachukua kipande cha waya, akaunganisha vitundu viwili. Kisha akaniambia nizungushe ufunguo na nisifanye kitu kingine.

Taa ikaanza kupepesa. Ikapepesa mara mbili, ikatulia kidogo, ikapepesa mara mbili tena, ikakaa kimya, ikaanza upya.

"Ishirini na mbili," akasema fundi.

"Ishirini na mbili nini?" akauliza baba mdogo, kalamu mkononi.

"Namba ya ugonjwa, mzee. Gari linajitaja lenyewe. Ishirini na mbili ni kipima joto cha maji."

Hakuna mtu pale aliyewahi kuona kitu kama kile. Kabla hajamaliza, watu kumi na zaidi walikuwa wamezunguka, wakihesabu pamoja na taa kama watoto wa darasa la kwanza. Fundi akachomoa soketi, akaonyesha ukungu wa kijani uliotokana na hewa ya chumvi, akausugua kwa msasa, akarudisha. Taa ikazima. Toka siku ile jina lake likapaa. Magari yalitoka mpaka Kivinje kuja kuhesabiwa.

Lakini kabla hatujaondoka aliniita pembeni, mimi dereva. Alivuta kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakichovya tena, akanionyesha.

"Sasa ipo sawa. Ila hapa kwenye gasketi inavuja kidogo. Pima kila asubuhi kabla hujawasha. Ikishuka chini ya alama hii, ongeza. Umeelewa?"

"Nimeelewa, fundi."

Nilipima siku nane. Nazikumbuka kwa sababu nilijiona mtu wa maana, nimeinama kwenye boneti na kitambaa begani, watu wakipita. Siku ya tisa tulichelewa, abiria walikuwa wakipiga kelele. Siku ya kumi sikukumbuka. Baada ya hapo sikupima tena.

Taa ya birika iliwaka siku ya Jumanne, njia ya Tingi, kwenye kona. Iliwaka na kuzima, mara moja, kama jicho la mtu anayekukonyeza.

"Umeiona?" nikauliza.

"Nimeiona," akasema baba mdogo. "Linadai maji. Na fundi alisema, ugonjwa wake ni wa maji."

Hapo ndipo makosa mawili yaliposhikana mikono. Tulisimama. Nikafungua rejeta kwa kitambaa, nikamimina maji ya dumu. Hayakuingia hata kikombe kimoja. Baba mdogo akasema, "Limekunywa kidogo, halikuwa na kiu sana." Abiria walijinyoosha, mmoja akanunua mihogo. Tulipowasha tena, taa ilikuwa imezima.

Leo najua kwa nini. Oili iliyobaki ilipata muda wa kurudi chini ilipotulia, ikafika pale panapoihitaji, taa ikanyamaza. Wakati ule tuliona maji ndiyo yaliyoinyamazisha. Jumatano ikawaka mara tatu, tukasimama mara tatu, na mara zote tatu ikazima. Kitu kikikujibu mara nne mfululizo unaacha kukiuliza.

Sitasema kwamba sikuwa na shaka. Nilikuwa nimesoma fizikia, vibaya, lakini nimesoma. Kwenye kipimo cha joto pembeni mshale ulikuwa umetulia katikati, na nilijiuliza mara moja, gari linalodai maji mbona halipati joto? Niliuliza ndani ya kichwa changu. Kumwambia baba mdogo, mbele ya abiria waliokuwa wakimwamkia karani kila kituo, kwamba huenda amesoma vibaya, hilo halikuwa neno la kutoka kinywani mwa mtoto wa kaka yake. Na kulikuwa na jingine. Kama si maji, basi ni ile oili niliyoambiwa niipime. Kwangu ilikuwa nafuu iwe maji.

Alhamisi, tukitoka Miteja na abiria sita, taa ikawaka na haikuzima tena. Baba mdogo alikuwa anafungua mdomo kuniambia nisimame wakati injini ilipoanza kugonga. Ngo, ngo, ngo, kama mtu aliyefungiwa ndani anaomba kutoka. Harufu ya moto ikaingia. Kisha sauti moja kubwa, na usukani ukawa mzito, na gari likatembea lenyewe kimya hadi kwenye majani ya kando ya njia.

Lori la chumvi ndilo lililotuvuta hadi Masoko. Tuliingia chini ya mkorosho mchana, na habari ilikuwa imetangulia. Vijana wa stendi walikuwepo, majirani walikuwepo. Fundi alichungulia dashibodi dirishani, akafungua boneti, akajaribu kuzungusha injini kwa spana kubwa, ikagoma. Akavuta kijiti cha oili. Kilitoka kikavu, na nchani kilikuwa na rangi ya bluu ya chuma kilichoungua. Alikitazama muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi.

"Dereva. Taa iliwaka?"

Baba mdogo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Alikuwa amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya hadharani. Kiinua mgongo chake kilikuwa kimelala pale, kikavu kama kijiti. Sikujua anataka niseme nini. Nadhani hata yeye hakujua. Hakunitazama.

"Haikuwaka," nikasema.

"Haikuwaka kabisa?"

"Haikuwaka."

Fundi alikifuta kijiti, ingawa hakikuwa na kitu cha kufutwa, akakirudisha mahali pake. Hakusema neno. Baba mdogo alirudisha kofia kichwani.

Aliyesema ni kijana mmoja wa stendi. "Kama taa haikuwaka, basi ilikufa. Na nani aliyechokonoa nyaya zake?"

Mwingine akadakia, "Si tuliona wote? Alichomeka waya ule."

Na wa tatu akamalizia, "Nilisema mimi. Mtani ameichonga injini!"

Walicheka. Ni maneno yale yale ya kila asubuhi, lakini safari hii fundi hakuyajibu, na kicheko kikakatika vibaya, na kila mtu akasikia kwamba utani ulikuwa umekwisha. Nilisikia na mimi. Ningeweza kusema palepale. Neno lenyewe lilikuwa fupi, kuigeuza "haikuwaka" iwe "iliwaka" tu. Badala yake nilikwenda kushusha mizigo ya abiria.

Habari ile haikuhitaji gari ili kusafiri. Ilikwenda Kivinje, ikaenda Nangurukuru. Mmakonde anachokonoa nyaya, anaua taa, halafu injini inakufa bila kukuonya. Waliokuwa wameweka magari yao kwake wakaja kuyachukua, wengine kwa kuyasukuma. Kulikuwa na fundi mwingine Nangurukuru aliyejisifu kwamba yeye hachomeki waya popote, na wateja wakaona hiyo ndiyo sifa.

Gari letu lilibaki chini ya mkorosho kwa sababu hatukuwa na jinsi ya kulipeleka kokote. Kwa hiyo nilikuwa nikipita pale, na nikipita namwona. Mwanzoni alikuwa akipanga spana zake. Akazipanga kwa ukubwa, siku nyingine akazipaka mafuta. Baadaye alikaa tu juu ya tairi, mikono ile minene imelala mapajani. Nilimwamkia, akaniitikia. Hakuniuliza tena. Ningependa aniulize, anitukane, anishike shati. Aliniitikia kama alivyomwitikia mtu yeyote, na hilo ndilo lililonifanya niwe nazunguka kwa njia ya ufukweni ili nisipite kwake.

Kilichonivunja ni jambo dogo. Nilikuwa stendi, kibarua wa kupakia mizigo sasa, wakati lori la kwenda kusini lilipokuwa likijaza. Fundi alikuja akamwita dereva wa lori, mtu wa kwao.

"Ukifika, mwambie mama watoto asije kwanza."

"Alishafunga mizigo huyo. Nilimwona juzi."

"Afungue."

"Nimwambie kwa nini?"

"Mwambie paa bado."

Paa lilikuwa tayari. Alilimaliza wiki moja kabla ya lile gari kufa. Nilikuwa nimebeba gunia begani, nikalisimamisha chini, nikakaa juu yake mpaka aliyeniajiri akanipigia kelele.

Alasiri ile nilikwenda kwa baba mdogo. Alikuwa barazani, daftari mapajani, halina kitu cha kuandikwa. Nikamwamkia, nikakaa kwenye ngazi, chini yake.

"Baba, ile taa iliwaka."

"Taa gani?"

"Unaijua."

Alifunga daftari. "Ilikuwa inadai maji, tukaipa."

"Haikuwa inadai maji. Ilikuwa oili. Na oili niliambiwa nipime, sikupima."

Mtu alipita barabarani akamwamkia, akaitikia "Marahaba" kwa sauti ya kawaida kabisa, akamngoja apite.

"Wewe ulisoma sekondari," alisema. "Kwa nini hukunikatalia?"

"Ningekukatalia vipi, baba?"

"Kwa mdomo! Astaghafirullah. Kwa mdomo wako!" Kisha sauti ikashuka. "Nani mwingine anajua?"

"Fundi."

"Fundi anajuaje?"

"Alikiona kijiti. Tulikuwa tumesimama wote. Gari halikauki oili siku moja, na taa haikuwa imekufa, tulipoletwa na lori ufunguo ulikuwa umewashwa na ilikuwa inawaka. Aliiona."

"Aliiona." Alitazama mbele. "Na hakusema."

"Hakusema."

"Siku zote hizi."

Nilingoja anifukuze au anitume, hakufanya lolote. Nikarudi zangu. Ijumaa ikapita, nikamwona msikitini, akanipita. Ijumaa nyingine ikapita. Nilianza kuamini kwamba nimesema bure, na kwamba sasa tulikuwa wawili tunaozunguka kwa njia ya ufukweni.

Ijumaa ya tatu, watu wakitoka msikitini, alinishika mkono pale mlangoni, mbele ya wote, akasema, "Twende." Alikuwa na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi. Tulipita katikati ya stendi, saa ile ambayo watu ni wengi kuliko saa zote, na mzee kama yeye akiwa na kanzu anaelekea gereji, watu wanamfuata kutazama. Nadhani alijua watafuata. Nadhani ndiyo sababu alichagua Ijumaa.

Fundi alisimama alipomwona. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi, nimekuja unifundishe hizi taa."

Fundi alinitazama mimi, akamtazama yeye. "Taa zipi?"

"Zote. Nilizisoma mwenyewe bila mwalimu."

Gari letu lilikuwa na vumbi na majani ya mkorosho juu. Baba mdogo aliingia, akakaa kwenye kiti cha dereva, kiti ambacho hakuwahi kukikalia. Fundi akaleta betri, akaifunga, akasogea dirishani. Ufunguo ukazungushwa na dashibodi ikawaka kama siku ile ya kwanza uani. Fundi alizitaja moja moja, polepole, naye akarudia kila moja kwa sauti, na waliosimama mbele wakawa wanawaambia waliosimama nyuma.

"Na hii?" akauliza baba mdogo, kidole juu ya kioo.

"Hiyo oili, mzee. Hicho ni kikopo cha kumiminia oili. Ikiwaka, unazima injini hapohapo."

Baba mdogo akageuka dirishani ili watu wamsikie. "Hii ilituwakia siku tatu. Tangu Jumanne. Mimi nilisema ni birika, na tukawa tunaipa maji. Huyu fundi hakuharibu kitu. Taa ilikuwa nzima. Aliyekufa macho ni mimi."

Mmoja wa wale wale wa stendi, asiyeweza kuzuia mdomo wake, akasema, "Kumbe karani alikuwa analitawadhisha gari!"

Kicheko kilichotoka pale sijasikia kingine kama hicho. Watu walishikana mabega. Baba mdogo alikaa ndani ya gari lake lililokufa, mikono kwenye usukani, akawaacha wacheke mpaka wakatosheka. Alikuwa mtu ambaye mtaa mzima ulimletea karatasi zake. Jina la birika walimpa palepale, akaishi nalo mpaka alipofariki, na mtu akimwita hivyo aligeuka. Barua za mahakama, baada ya hapo, baadhi ya watu walianza kuzipeleka kwa mwalimu.

Watu walipotawanyika nilibaki. Fundi alikuwa akifungua vichwa vya betri.

"Mzee amekuja," alisema bila kunitazama. "Lakini mzee siye niliyemuuliza."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yote yakanitoka. Nikasema, "Niulize tena."

Alisimama. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Dereva. Taa iliwaka?"

"Iliwaka."

"Lini?"

"Jumanne. Njia ya Tingi, kwenye kona."

"Na oili ulipima?"

"Siku nane tu."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia namba aliyoitegemea.

"Mbona hukunibishia siku ile?" nikamuuliza. "Ulijua."

"Nikubishie mbele ya baba yako? Mimi mgeni hapa. Ningesema mwenye mji mwongo, ningebaki?" Akainua betri. "Sikusema, na hata hivyo sikubaki na kitu."

Wateja hawakurudi kwa mkupuo. Alirudi mmoja, mwenye lori la chumvi, kisha wa Kivinje. Gari la baba mdogo lilipata injini nyingine ya mtumba mwaka uliofuata, na dereva mwingine. Hakunifukuza, ila hakuniita, na mimi sikuomba. Fundi aliniruhusu nishinde pale mkoroshoni nikimsaidia kuinua injini, na kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, kwa kila gari lililolala pale, ilikuwa kupima oili na kumtajia kwa sauti. Hakuwahi kuniambia amenisamehe. Alikuwa akisikiliza namba, basi.

Mke wake alikuja mvua zilipokatika. Nilikuwa peke yangu gereji lori liliposimama. Alishuka mwanamke mrefu, na watoto watatu, masanduku mawili na mtungi uliofungwa kwenye kanga. Nikaenda kupokea mizigo. Alinitazama kuanzia miguuni.

"Wewe ndiye dereva?"

Sikujua ameambiwa nini na ameambiwa na nani. "Ndimi, shemeji."

"Uliniweka miezi mitatu," alisema. "Mwanangu wa mwisho ameanza kutembea, baba yake hajaona."

"Ni kweli, shemeji. Nilikuweka."

Nadhani alikuwa amejiandaa nibishe. Alisimama kidogo, akahamisha mtoto kutoka kiuno hiki kwenda kile. Kisha akauliza chumba ni kipi, nikamwonyesha, akaenda kukagua paa kwa macho, pembe zote nne, kabla hajaruhusu hata sanduku moja liingie.